Analala Vizuri

Mimi ni daktari bingwa wa watoto, na sipendi kufundishwa kazi yangu. Nasema hivyo mapema ili asije mtu baadaye akadai nilijificha. Nimetibu watoto Homa Bay kwa miaka kumi na mmoja, katika hospitali ndogo ya binafsi ambayo jina lake halihusiki hapa, na katika miaka hiyo nimefokewa na kina mama, kina baba, mashangazi, na mara moja na mchungaji mzima. Wote niliwatoa chumbani kwangu kwa ustaarabu. Filister ndiye wa kwanza kukataa kutoka.

Ilikuwa Jumatano, na Jumatano hiyo ilikuwa imeshaharibika kabla hajafika. Saa mbili asubuhi alinijia msichana mmoja aitwaye Nyatichi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na bunda la karatasi kwapani. Alikuwa akizunguka Homa Bay na Migori kuwahoji madaktari wa watoto. Alitaka kujua tunaelewa kiasi gani kuhusu watoto wanaokatika pumzi usingizini, wale ambao koo huzibwa na mafindofindo yaliyokua kupita kiasi au na nyama za pua, mtoto akawa anavuta hewa na hewa haipiti. Maswali kumi na manane. Nilimwambia ningeyajibu nikiwa nimefumba macho.

Ukweli ni kwamba niliyajibu kwa kubahatisha. Somo lenyewe tulifundishwa chuoni kwa saa moja, mwalimu akiwa na haraka ya kwenda zake, na kichwani mwangu lilibaki kama ugonjwa wa watoto wanene wa ng'ambo. Swali la saba liliuliza kama huwa ninawauliza wazazi iwapo mtoto anakoroma. Majibu yalikuwa manne: daima, mara nyingi, mara chache, kamwe. Nikatia alama kwenye "daima", tena kwa kukandamiza kalamu. Nani angeenda kuchunguza?

"Asante, Daktari," Nyatichi akasema akikusanya karatasi zake. "Kesho nitarudi nipitie mafaili kadhaa ya watoto wanaokojoa kitandani, maana hiyo pia ni dalili. Mkurugenzi amenipa ruhusa."

Sikupenda, lakini mkurugenzi ni mkurugenzi. Msichana akatoka, Filister akaingia.

Filister anauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Rodi Kopany. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mteja aliye upande wa pili wa soko, na hajui kuipunguza akiwa ndani ya chumba. Alikuwa amemshika mkono mwanawe Stanley, wa miaka sita, mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, mdomo wazi, na chini ya macho weusi wa mtu mzima aliyekesha matangani. Walikuwa wamekuja kwangu mara sita katika miaka miwili. Hii ilikuwa ya saba. Kifua, nikampa dawa ya kifua. Hakui, nikampa dawa ya minyoo. Akapungukiwa damu, nikapima selimundu, hana, nikampa ya kuongeza damu. Akawa anakojoa kitandani, nikamwambia mama ampunguzie chai jioni. Mwalimu akaandika barua kwamba mtoto analala darasani hata akichapwa, nikajibu kwamba mtoto ni mvivu kidogo na atabadilika. Kila mara nilikuwa na jibu.

"Daktari, leo sitaki dawa," Filister alisema kabla hata hajaketi. "Leo nataka usikize." Akaweka simu mezani kwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni Stanley akiwa amelala. Nimemrekodi siku tatu."

"Mama Stanley, mimi natibu watoto. Sitibu simu."

"Dakika moja tu."

"Nina watoto ishirini na wawili kwenye benchi."

"Hata mimi nilikuwa kwa hiyo benchi tangu saa kumi na mbili. Sikiza."

Nikaisukuma simu kwa kidole kimoja mpaka ikafika ukingoni mwa meza upande wake. Kisha nikafungua faili la mtoto, nikamsomea kwa sauti ya kumsomea mtu mashtaka. Mara ya kwanza: analala vizuri. Mara ya pili: analala vizuri. Nilifika ya nne akanikatiza.

"Nani alikuambia analala vizuri?"

"Nyanya yake. Siku ya kwanza alikuja naye yeye, hukuwepo."

Ni kweli. Siku ile Stanley aliletwa na mama mkwe wa Filister, ambaye nyumbani wanamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Bibi mcheshi. Alinisimulia jinsi mtoto alivyozaliwa, akalia siku mbili mfululizo, wakawa wanamtajia majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine, na walipotaja jina la mume wake marehemu, Mzee Rading', akanyamaza papo hapo. Ndipo wakajua nani amerudi. Na kama kulikuwa na mwenye shaka, shaka iliisha mtoto alipoanza kukoroma. Mzee Rading' alikoroma mpaka majirani wa ng'ambo ya kijito walijua amelala. Kwa hiyo kijana naye wanamwita Jaduong', mzee. Hata hulala amepiga magoti, kipaji cha uso kikiwa kwenye godoro, na Dani alinieleza kwamba Mzee alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, haachi kusali. Sisi Wakisii pia huwapa watoto majina ya waliokufa, kwa hiyo nilimwelewa bibi vizuri sana. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. "Basi Mzee amerudi salama," nikamwambia, na kwenye faili nikaandika: analala vizuri.

"Dani alikuambia anakoroma," Filister akasema. "Si alikuambia? Na hiyo kulala kwa magoti pia alikuambia. Sasa mimi nikuulize, alikuambia Mzee alikufaje?"

"Hapana."

"Alilala akikoroma, asubuhi hakuamka. Watu wakasema hiyo ni kifo ya heshima, mtu amejiendea kwa usingizi. Nilikuwa nimeolewa mwaka moja tu kwa hiyo boma. Nililia na wengine. Lakini saa hii nikisikia mtoto yangu anakoroma halafu ananyamaza, ananyamaza kabisa, silii, Daktari. Naruka. Na wewe kila siku unaniandikia analala vizuri."

Niliona aibu. Na aibu yangu mimi, tangu utotoni, hutoka ikiwa hasira.

"Toka," nikasema.

"Sitoki."

Stanley alitutazama kwa zamu, mdomo wazi, kama mtoto aliyezoea kuona watu wakipigana juu yake. Watu wa benchini walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Basi nikampa Filister nilichodhani ni adhabu. Nikamwambia nitamlaza mtoto wodini usiku mmoja, muuguzi amwangalie, aandike kila kitu. "Na asubuhi," nikasema, "utaniomba msamaha mbele ya wodi nzima."

"Na kama mimi ndio niko sawa?"

"Hutakuwa."

Asubuhi ya Alhamisi niliingia wodini nikitembea kwa raha. Ripoti ya usiku ilikuwa imeandikwa na Marcella, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, mtu ambaye hata mimi humwogopa kidogo. Filister alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho mekundu. Nyatichi naye alikuwa ameshafika, amesimama karibu na kabati la mafaili na faili moja mkononi. Nikafurahi kwamba wapo wote. Nikaichukua ripoti nikaisoma kwa sauti.

"Mtoto amelala vizuri usiku kucha, akikoroma kwa nguvu. Hakusumbua." Nikaikunja. "Basi, Mama Stanley. Tunakusikiliza."

Aliyesema ni Nyatichi, kwa adabu ambayo iliniudhi kuliko matusi. "Samahani, Sista. Ulijuaje kwamba amelala vizuri?"

"Si alikuwa anakoroma!" Marcella akajibu, naye akimshangaa. "Mtu akikoroma hivyo si amelala?"

Kina mama wa vitanda vingine wakaitikia. Mmoja akasema wa kwake hata hakoromi, ndiyo maana hanenepi. Mwingine akacheka. Mimi nilikuwa karibu kuitikia pia, namshukuru Mungu kwamba sikufungua mdomo.

"Alipumua kwa sababu nilimshikilia kidevu," Filister akasema hatimaye, bila kunitazama. "Tangu saa tatu ya usiku mpaka jogoo. Nikiachilia, ananyamaza. Sista akipita anaona mimi nimekaa, anafikiria nabembeleza."

Nyatichi akanisogelea, akashusha sauti. Faili aliloshika lilikuwa la Stanley. "Daktari, jana kwenye swali la saba ulitia alama kwa 'daima'. Hapa kuna kuja mara saba. Sioni mahali umeuliza hata mara moja."

Nilimwambia atoke wodini. Nilimwambia nitaandikia chuo chake, nitampigia msimamizi wake, nitahakikisha utafiti wake unaishia jaani. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika. Nyatichi hakuliweka faili chini, wala hakutoka. Wanawake wawili kwa siku mbili, wote wamekataa kutoka. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lilikuwa langu.

Tukiwa katika kelele hizo, Stanley akalala. Alikuwa ameketi kitandani na kikombe cha uji mkononi, na usingizi ukamchukua akiwa katikati ya funda. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani, wodi nzima inabishana, na yeye amelala. Filister akakitoa kikombe vidoleni mwake, akamlaza chali, kisha akaweka mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo.

"Kuja uhesabu," akaniambia.

Nikavua saa, nikasimama upande wa pili wa kitanda. Nilienda kwa hasira, nataka niseme hivyo. Nilienda ili nimalize maneno.

Kwanza ulikuja mkoromo, mzito, mkubwa kuliko mwili uliokuwa ukiutoa. Kisha ukakatika. Nikaanza kuhesabu. Kifua kilikuwa kikifanya kazi, tumbo likipanda, shimo lililo juu ya mfupa wa kifua likizama ndani mpaka ningeweza kutia kidole gumba, lakini puani na mdomoni hakukuwa na kitu. Nikaweka kiganja, hakuna hewa. Kumi. Kumi na tatu. Filister alinikazia macho, mikono bado iko nyuma. Alitaka nione, na nikaelewa ilivyomgharimu kutonyoosha mkono. Kumi na tisa. Mtoto akashtuka mwili mzima, akavuta pumzi kwa sauti ya mtu aliyetolewa kisimani, akafumbua macho yasiyoona kitu, akalala tena. Mara ya pili, kumi na nne. Mara ya tatu nilifika ishirini na mbili, midomo ikaanza kubadilika rangi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kumwinua kidevu.

"Umeona?" Filister akauliza.

"Nimeona."

"Mimi hufanya hiyo kila usiku. Halafu mchana nauza omena."

Nikaomba tochi. Nikamfungua mdomo, na mafindofindo yake yalikuwa mawili manene, yamegusana katikati ya koo. Mdomo huo nilikuwa nimeufungua mara sita kabla. Kila mara nilikuwa nikitafuta usaha. Hakukuwa na usaha, nikaufunga.

Mnadhani nilijirekebisha hapo. Hata mimi nilidhani. Nilimwambia Filister kwamba mtoto anahitaji kukatwa hayo mafindofindo na nyama za pua haraka, kwa sababu moyo ukizoea kusukuma damu bila hewa huvimba na huchoka. Nikamwambia kuna mpasuaji wa masikio, pua na koo ambaye angekuja Migori Jumanne hadi Alhamisi ya wiki iliyofuata, na kwamba ningemwandikia barua. Kisha nikakaa mezani kuiandika, na kalamu ikasimama kwenye mstari unaouliza dalili zimeanza lini.

Mpasuaji huyo ni Okemwa. Tulisoma naye darasa moja. Yeye alikuwa wa kwanza kila mwaka, mimi wa pili kila mwaka, na hakuna aliyewahi kusahau, hasa mimi. Nikiandika miaka miwili, Okemwa ataniuliza mtoto alikuwa akitibiwa na nani kwa miaka hiyo miwili. Nikaandika: wiki mbili. Nikajiambia haina tofauti, kwani atamfungua mdomo na kuona mwenyewe. Nikaitia barua kwenye bahasha nikaibandika kwa gundi, jambo ambalo huwa silifanyi. Filister aliipokea bila asante. Wala sikuwa nikiisubiri.

Jumanne saa saba mchana simu ikaita.

"Daktari, uliandika nini kwa hii barua?"

Alikuwa akipiga kutoka Migori. Watoto walikuwa wamefika zaidi ya sitini, na mpasuaji angeweza wachache tu, kwa hiyo karani alizifungua barua zote na kuzipanga kwa urefu wa ugonjwa. Wenye dalili za muda mfupi walikuwa wakirudishwa nyumbani hata kabla ya kuonwa, waje tena Desemba, kwa sababu uvimbe wa wiki mbili huenda ni mafua tu na utapungua wenyewe.

"Karani amenisomea," akasema. "Wiki mbili. Stanley ana miaka sita, Daktari. Wiki mbili ni ya nini?"

Niliitazama kalamu iliyokuwa mezani.

"Ongea!"

"Nitampigia Okemwa sasa hivi."

"Usimpigie. Mtu anadanganya kwa karatasi atadanganya kwa simu. Kuja hapa."

"Nina wagonjwa, Mama Stanley."

"Na huyu ni nani?" akauliza, akakata.

Nililichukua faili kabatini, nikamwachia benchi afisa wa kliniki, nikaendesha gari mwenyewe. Msifikiri nilikuwa na moyo mzuri njiani. Nilikuwa nimekasirika kwamba muuza omena ameniamrisha nami nimetii. Nilipopita Rodi Kopany nilikuwa nikimtukana kwa sauti, madirisha yamefungwa. Nilipofika Rongo, nyuma ya lori la miwa lisilotaka kunipisha, nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri wa karani wangu aliyenakili vibaya. Ulikuwa uongo safi, usio na mtu wa kuupinga. Niliusema tena na tena mpaka nikaingia Migori nikiwa nimeuamini nusu.

Waliokuwa wa kwanza kuniona ni Filister na mtoto, na katikati yao Dani. Bibi alikuwa amevaa nguo ya kanisani na amekumbatia mkoba kifuani. Aliponitambua, uso ukamng'aa. Akasimama kwa shida, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Daktari mkubwa! Waambie hawa watu," akasema, akiwageukia waliokuwa foleni. "Wanataka kukata Jaduong' sauti yake. Wewe si ulisema Mzee amerudi salama? Waambie!"

Filister akageuza uso ukutani. Hapo nikajua kwamba nyumbani walikuwa wamepigania jambo hili, na kwamba silaha ya bibi ilikuwa ni mimi.

"Mama," nikasema, "nilikosea. Huyo anayekoroma si Mzee. Ni nyama imeziba koo, mtoto anakosa hewa, na hulala kwa magoti akiitafuta. Mkiacha hivyo, atakufa."

"Lakini ulicheka. Tulicheka na wewe."

"Nilicheka kwa sababu sikuwa nimefikiria."

Mikono yake ikaachia wangu. "Kumbe ulikuwa unanicheka," akasema polepole, akaketi, na tangu siku hiyo hadi leo hajanisemesha tena.

Okemwa akatokea mwisho wa korido, amezungukwa na madaktari vijana wanne wakiandika kila anachosema. "Arasa!" akaniita. "Umekuja kunisalimia?"

Uongo wangu wa Rongo ulikuwa tayari mdomoni, na nitakiri kwamba nilianza kuusema. "Karani wangu..." nikasema. Kisha nikaona Stanley amelala benchini, kichwa mapajani mwa mama yake, na mkono wa mama uko kidevuni pake, na mama ananiangalia. Nikampa Okemwa faili.

Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. "Barua inasema wiki mbili."

"Ni miaka miwili, tangu nilipomwona mara ya kwanza. Pengine zaidi."

"Kwa hiyo wiki mbili uliandika kwa nini?"

Vijana wote wanne wakaacha kuandika.

"Kwa sababu barua ilikuwa inakuja kwako," nikasema.

Ningefurahi kama angecheka. Okemwa hakucheka. Alichomoa kalamu mfukoni, akanirudishia faili. "Andika hapa. Tarehe zote saba, na kila mara ulichoambiwa, na ulichoandika wewe. Weka sahihi. Hawa wasome." Nikaandika, faili nimeliegemeza ukutani. Ilinichukua robo saa. Vijana wakasoma mmoja mmoja, na wa mwisho, msichana mdogo mwenye miwani, akaniangalia jinsi ambavyo mimi huwaangalia kina mama.

Okemwa akapiga magoti mbele ya Stanley na tochi. Alipoinuka alimwambia karani, "Huyu ni wa kwanza kesho. Na leo asilazwe chali."

Upasuaji ulifanyika Jumatano asubuhi na haukuchukua hata saa moja. Sikuwa na kazi yoyote pale. Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ya wageni, nimevaa shati la jana, na hospitali yangu ilikuwa imepiga simu mara tano kuuliza niko wapi. Ningeweza kuondoka. Filister alikuwa amepita mbele yangu mara tatu asinisalimie, na alikuwa na haki.

Alasiri nilikuwa nimekaa nje ya wodi alipotoka mbio. Ile sauti ya sokoni haikuwepo.

"Hapumui," akasema. "Daktari, amenyamaza. Hapumui."

Nilikimbia. Stanley alikuwa amelala ubavu, mdomo umefungwa. Tangu nimjue sikuwahi kumwona amefunga mdomo. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na kwa ukimya ule hata mimi niliamini kwamba hapumui. Nikainama nikaweka sikio karibu na pua. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka, nyepesi, bila kukwama. Nikaweka kiganja kifuani, nikangoja, nikangoja zaidi. Midomo ilikuwa na rangi yake.

"Anapumua," nikasema. "Hivi ndivyo mtoto hulala. Hujawahi kumsikia, ndiyo maana."

"Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Hata hizo mara saba ulikuwa na hakika."

Akavuta kiti cha plastiki kwa mguu, akakisogeza mpaka kikagusa kitanda.

"Keti hapo," akasema. "Usitoe macho kwake mpaka niamke."

Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaitandika sakafuni kando ya kitanda, akajilaza, na kabla sijakaa sawasawa alikuwa ameshalala. Nikamtazama mtoto. Simu ya hospitali ikaita tena mfukoni, nikaizima.